Mgeni Aliyeshonewa Kikoi

Nilipokuwa na miaka minane nilipelekwa Mji wa Kale, kwa shangazi yangu, nikawe dawa. Hakuna aliyenieleza hivyo waziwazi. Nilivishwa gauni la Idi ingawa Idi ilikuwa mbali, nikatiwa nguo zangu kwenye mkoba wa plastiki, na baba akanivusha kwa feri kutoka Likoni bila kunishika mkono. Shangazi Mwanaisha alikuwa ameolewa mwaka wa sita na hakuwa amepata hata mimba ya kuharibika. Watu wa kwetu wanaamini kwamba mwanamke wa namna hiyo akipewa mtoto wa ndugu yake amlee, mtoto yule huwavuta wenzake waje. Baba alikuwa na sita. Mimi nilikuwa wa nne na mkimya, kwa hivyo nadhani nilikuwa rahisi kutolewa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, yenye mlango mzito na ua mdogo ndani, na watu watatu tu. Chini walikaa shangazi na mumewe, ambaye nilimwita Ami Swaleh, karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Juu alikaa mama yake Ami, Bi Zena, ambaye miguu ilimsumbua lakini masikio hayakumsumbua hata kidogo. Likoni nilikuwa nalala kitanda kimoja na dada zangu wawili, mguu wa mmoja tumboni kwangu. Hapa nilipewa kitanda changu peke yangu, chenye chandarua cheupe, na nililia kila nikipanda. Nilikosa ule mguu.

Shangazi hakujua kubembeleza. Hakuwa amezoea. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akabaki amekaa hapo mpaka nikapitiwa na usingizi. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Sikumbuki ni lini niliacha kulia, ila nakumbuka ni lini nilianza kusikiliza hatua zake zikija.

Miaka miwili ikapita na sikuvuta mtu.

Mgeni wetu aliingia nyumbani mwaka huo. Ami alimleta mfukoni. Alikuwa amemsaidia fundi mitambo mmoja wa meli, mzungu kutoka Norwe, aliyeugua malaria akalazwa hospitali huku meli yake ikipakua. Ami alikuwa akimpelekea uji na kukaa naye kidogo baada ya kazi, kwa kuwa hakuwa na mtu. Yule mzungu alipopona akampa zawadi: mtu wa shaba, urefu wake kama kiganja changu. Aliketi amekunja miguu, ndevu kazikamata kwa mkono mmoja, kichwani ana kofia ya ncha. Nguo hakuwa nayo. Na chini ya kitovu kulikuwa na jambo ambalo sitalieleza, ila ijulikane kwamba aliyemchonga hakulisahau wala hakulifanyia ubahili.

Ami alimweka mezani katikati ya sahani, akacheka mpaka akakohoa. "Wazungu wa kale hawakuwa na haya," akasema. Kisha akatuhadithia kama alivyohadithiwa pale kitandani hospitali. Kwamba zamani sana, kabla watu wa kule hawajajua dini za vitabu, walikuwa na huyu, jina lake Freyr, na ndiye waliyemtegemea kwa mvua na jua, mavuno, amani na uzazi. Nyumbani mwake hapakuingizwa silaha. Watu wakioana walimtolea sadaka yeye. Na kila mwaka walimpandisha gari la kukokotwa, msichana mmoja kando yake ambaye walimwita mkewe, wakamzungusha mashamba yote. Kila alipofika palipikwa karamu, na mwaka ule mashamba yalizaa na wanawake wakazaa.

"Na wanawake wakazaa," Ami akarudia, bado anacheka. Ndipo alipomtazama shangazi, kicheko kikakatika. Shangazi hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia na kumtazama yule mtu wa shaba bila kupepesa.

Bi Zena alikuwa ameteremka siku hiyo. Akajifunika uso kwa upande wa leso. "Audhubillahi! Swaleh, hilo ni sanamu. Litoe."

"Ni pambo tu, mama."

"Sanamu likikaa nyumbani, malaika huondoka. Na malaika wakiondoka, kuna mtu naye atafuata. Hamtanisikiza, lakini mutakuya kuniambia."

Ami akasema atalipeleka kazini, akaliweka juu ya kabati, akalisahau. Kesho yake asubuhi nilipotazama juu ya kabati hapakuwa na kitu.

Lazima niseme hapa jambo ambalo shangazi hakujua kwamba ninalijua. Wiki chache kabla, nilikuwa nimeketi ngazini nachambua mchele, nikamsikia Bi Zena akizungumza na mwanawe. Alikuwa amemwona msichana wa mtaa wa Kuze, mtoto wa watu wazuri. Alisema atangoja Ramadhani ipite, kisha ataenda kuposa. "Mwanaisha nampenda," alisema, "simfukuzi, atakaa chini. Lakini na huyo mtoto mrudishe kwao. Miaka miwili, hajavuta chochote." Nilimaliza kuchambua mchele wangu na sijui kama mawe yote yalitoka.

Tangu siku hiyo nilijua nimefika ukingoni. Shangazi asipozaa, ninarudishwa. Lakini na akizaa? Nilimuuliza siku moja akinisuka nywele, nikiwa nimemgeuzia kisogo ili nisimwone: "Shangazi, ukipata mtoto wako, mimi nitarudi Likoni?" Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. "Nani kakwambia hayo?" akauliza. Nikasema hakuna. Akaendelea kusuka, na jibu sikulipata. Mtoto huchukua kimya kuwa ndiyo, na mimi nilikichukua hivyo.

Yule mtu wa shaba nilimkuta chumbani kwa shangazi, ndani ya kasha lake la mbao, kati ya leso zake mpya. Shangazi alinikuta nimefungua. Nilidhani atanikaripia, lakini alifunga mlango, akaketi chini karibu nami. Alikuwa na uzi, sindano na kipande cha kikoi kikuukuu cha Ami.

"Ndoo unishikie huku," akasema akinivuta karibu. "Hawezi kukaa kwa watu hivi."

Tukamshonea kikoi. Nilimshika mgeni kiunoni na shangazi akamzungushia kitambaa, akashona kwa mishono midogo ya kubana ili kisimtoke. Alipomaliza alimtazama, akaona ile kofia ya ncha, akasema angalau kofia anayo. Nilicheka, naye akacheka, na kwa muda nilisahau nilivyomwogopa. Maana nilimwogopa sana. Alikuwa amekuja kufanya kazi niliyoshindwa mimi.

Leo, nikiwa mtu mzima niliyesoma kidogo habari zake, nacheka peke yangu. Katika watu wote waliowahi kumkaribisha mungu yule, ni shangazi yangu tu, nadhani, aliyeanza kwa kumfunika kile alichosifika kwacho. Lakini kwetu mgeni mwanamume haketi uchi mbele ya mwanamke na mtoto, awe ametoka Norwe au mbinguni.

Kila siku baada ya alasiri alimtoa kashani. Alimfukiza udi kwenye chetezo kidogo, akamnyunyizia marashi, akamwekea kipande cha halua, ambacho baadaye nilikula mimi. Nilimuuliza kama si dhambi. Uso wake ukabadilika, nikaona ya kwamba swali hilo amelala nalo sana.

"Simuombi," akasema. "Mungu namuyua ni mmoya, na namuomba Yeye. Huyu ni mgeni tu. Mgeni hukirimiwa, na akiondoka huacha baraka. Au siyo?"

Nikasema ndiyo. Aliniuliza kwa namna ambayo usingeweza kusema hapana.

Kukirimu hakukutosha. Lile gari la kukokotwa lilimkaa shangazi akilini. Alisema mbona hata kwetu wazee walimzungusha ng'ombe mji mzima Siku ya Mwaka, kisha wakamchinja ili mabaya yatoke. Kinachozungushwa huwa na kazi. Basi akachagua nyumba saba, zote zenye watoto wachanga, akachagua Alhamisi, akakaanga mahamri. Mgeni aliwekwa chini ya kikapu, kitambaa juu yake, mahamri juu ya kitambaa. Nilivishwa lile gauni langu la Idi, ambalo sasa lilinibana kwapani, na mtandio wangu mweupe wa chuoni, wa kusomea Kurani, nikapewa kikapu nibebe.

"Nibebe mimi?"

"Kwani wa kule hakuwa na msichana kando yake?" shangazi akasema, akanifunga mtandio vizuri chini ya kidevu.

Tukatoka. Jua lilikuwa bado kali barazani na wauza kahawa walikuwa ndio kwanza wanawasha makaa. Tukaenda Ndia Kuu, tukashuka Mlango wa Papa, tukapanda Kibokoni. Kila nyumba shangazi alipiga hodi, tukakaribishwa, tukaulizwa hali ya Bi Zena na miguu yake, tukatoa mahamri mawili matatu, shangazi akampakata mtoto wa nyumba ile, akamrudisha, tukatoka. Nilikaa na kikapu mapajani. Hakuna aliyejua kwamba chini ya yale mahamri ameketi mzee wa shaba mwenye kikoi. Nyumba ya tatu shangazi alimpakata mtoto wa kiume wa miezi miwili, akamnusa kichwani, na alipomrudisha kwa mamake mikono yake ilichelewa kidogo kumwachia. Nyumba ya tano hali ilikuwa hiyo hiyo. Niliona kwamba safari hii itajibu.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Bi Rukia, rafiki wa shangazi tangu chuoni, aliyekuwa amejifungua siku kumi na nne zilizopita. Wakubwa walikaa ukumbini. Mimi niliambiwa niingie ndani nimwone mtoto. Alikuwa amelala kitandani peke yake, mwekundu, amekunja uso kama anayekumbuka jambo baya. Nilimgusa mkono, akanishika kidole. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Nikamwona wa kwetu atakavyokuwa, amelala ndani ya chandarua changu, na shangazi amekaa ukingoni, na mimi niko Likoni.

Nikaingiza mkono kikapuni. Nikamtoa mgeni, nikampeleka uvunguni mwa kitanda, nyuma ya ndoo ya nepi. Nikatandaza upya kitambaa na mahamri yaliyobaki. Nikatoka ukumbini nikasema mtoto ni mzuri, mashallah.

Tulipofika kona ya kichochoro chetu, shangazi akaniona nimechoka, akanipokea kikapu. Akapiga hatua mbili, akasimama. Akakiinua kidogo, akakishusha, akakiinua tena. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa namna ile, si kabla wala baada. Nilingoja. Kisha akasema, "Haya, twende. Magharibi yaingia." Akanishika mkono mpaka mlangoni.

Nilingoja kipigo siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Sikuulizwa lolote. Chetezo kikarudishwa jikoni. Halua haikukatwa tena. Nikajiambia kwamba hakutambua, kwamba amemsahau kama Ami alivyomsahau. Hivyo ndivyo nilivyotaka iwe, na mtoto huweza kuamini jambo kwa nguvu sana akilitaka.

Ramadhani ikapita. Bi Zena akaenda Kuze, akarudi amefurahi. Harusi ilifanywa bila kelele nyingi, bibi harusi akapandishwa ghorofani, na siku chache baadaye baba akaja kunichukua. Bi Zena alisema mbele ya wote, bila ubaya, kama anayeeleza hali ya hewa: "Niliwaambia kuna mtu atatoka." Nikajua anayetajwa ni mimi, na nikajua nimejitoa mwenyewe. Shangazi alinipaka mafuta, akanisuka, akakunja nguo zangu moja moja. Mtandio wa chuoni haukuonekana. Tuliutafuta wote wawili, yeye na mimi, mpaka baba akasema tutachelewa feri.

"Umekula?" akaniuliza mlangoni.

Nilitoka sikugeuka nyuma, kwa sababu nilijua kama ningegeuka ningesema nilichofanya.

Likoni dada zangu walikuwa wameshaziba nafasi yangu kitandani. Nilitandikiwa mkeka. Hawakunifanyia ubaya, ila walikuwa na mizaha yao ya miaka miwili ambayo mimi sikuielewa, na nilikuwa nimeshazoea kulala kimya. Usiku nilisikiliza hatua ambazo zilikuwa ng'ambo ya maji.

Mke mdogo alizaa wanne. Shangazi alibaki chini, kwenye chumba kile kile. Nilimtembelea kila Idi, nikakaa kwenye ukingo wa kiti, nikala haraka, nikaaga. Nilipoanza kazi ya ualimu nikapunguza hata hizo Idi. Nilisema shule ina mambo mengi, feri ina foleni. Kweli yenyewe ni kwamba sikuweza kukaa mbele ya mwanamke niliyemnyima mtoto. Nilikuwa mwalimu, nafundisha watoto wa watu sayansi, na bado moyoni niliamini kwamba kama yule mzee wa shaba angerudi kwenye kasha lake, shangazi angezaa. Sikuolewa. Silaumu mtu kwa hilo, nalitaja tu ili mjue kwamba chandarua changu bado ni cha mtu mmoja.

Shangazi alifariki mwaka jana. Baada ya siku za matanga, watu walipopungua, niliombwa nimsaidie Bi Rukia kupanga vitu vyake. Bi Rukia sasa ni mzee, ana mkongojo na anasikia kwa sikio moja. Tulifungua kasha. Juu kulikuwa na leso, chini udi uliokauka ndani ya kopo, na chini kabisa kifurushi cheupe. Nilikitambua kabla sijakigusa. Ulikuwa mtandio wangu wa chuoni. Nikaufungua, na ndani yake ameketi mgeni wetu, ndevu mkononi, kikoi kiunoni, mishono yote ikiwa imara.

Niliketi chini. Nikasema, "Huyu nilimwacha kwako, Bi Rukia. Uvunguni."

"Nayua," akasema. "Mama mkwe wangu alimkuta akifagia jioni ile ile, nusura azimie. Nikamficha, kesho yake asubuhi nikamrudishia Mwanaisha. Nikamwambia, mtoto wako amesahau kitu kwangu. Akanambia, hakusahau."

"Hakusahau?"

"Ndivyo alivyosema. Hakusahau, yuaogopa nitamrudisha kwao. Nikamuuliza, utamchapa? Akasema, nimchapeje, na mimi nimemzungusha mji mzima nikitafuta mtoto, na mtoto ndiye aliyebeba kikapu?" Bi Rukia akafuta macho kwa ncha ya leso. "Akanikataza nisikwambie, usije ukaona haya. Akamtia kashani, na kwenye kuondoka kwako akamfungia humo. Hakumtoa tena. Alisema mtoto huyo nilonaye atanitosha. Kisha wakakutoa mikononi mwake, maskini, na hakuwa na kauli. Kila Idi akinambia, huenda leo akaya akakaa kidogo."

Sikulia mbele ya Bi Rukia. Nilikunja leso zote, moja moja, kama nilivyofunzwa.

Juzi nilisoma kwenye simu kisa kimoja cha Freyr. Inasemekana alimwona mwanamke kwa mbali, akampenda, akatoa upanga wake ili apelekewe posa, na alipoambiwa angoje siku tisa akalalamika kwamba hata tatu hawezi. Siku tisa. Nilizima simu.

Siku ile ya kufungua kasha niliomba nimchukue mgeni, na hakuna mwingine aliyemtaka. Nilimfunga tena kwenye mtandio, nikamweka ndani ya kikapu cha shangazi, nikateremka kichochoro. Pale konani nilisimama. Nikakiinua kikapu kidogo, nikakishusha, nikakiinua tena. Shaba ni nzito. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba kikapu sokoni angejua papo hapo kama imo au haimo.

Nikaenda kupanda feri. Miaka yote ile nilikaa ng'ambo kwa sababu nilimnyima mtoto, na yeye miaka yote ile alikaa chumbani mwake akimngoja mtoto wake avuke.